Shahidi Asiye na Maoni

Nchi ninayoisimulia msiitafute kwenye ramani, na mkidhani mmeitambua, hayo ni yenu na dhamiri yenu. Mimi naiita Nchi ya Heri kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye lango la mpakani, na mimi si mtu wa kubishana na lango.

Katika Nchi ya Heri hakuna yatima. Si kwamba wazazi hawafi. Wanakufa, tena vizuri tu, kwa homa, kwa ajali, kwa kumngojea daktari. Lakini sheria yetu inasema baba wa kila raia ni Baba Mkuu wa Taifa, na kwa kuwa Baba Mkuu ni mzima wa afya (hutangazwa redioni kila asubuhi, kabla ya habari nyingine zote), basi mtoto hawezi kuwa yatima hata akijitahidi. Wale waliokuwa wakiitwa yatima zamani wamehamishiwa Nyumba ya Watoto wa Baba, jengo la njano lililopo mtaani kwetu, lenye ukuta mrefu uliopandwa vipande vya chupa juu yake. Tuliambiwa chupa zile ni za kuzuia upendo usimwagike nje.

Kila Jumapili alasiri Baba Mkuu huwatembelea watoto wake. Kwa vile ana kazi nyingi, huja akiwa picha. Gari la serikali hufika na king'ora, picha ikiwa imefungwa mkanda kwenye kiti cha nyuma, na dereva huishusha kwa mikono miwili. Huwekwa juu ya kiti kikubwa cha mninga katikati ya ukumbi. Kila mtoto husogea, huiamkia, huisimulia wiki yake ilivyokwenda, kisha Matroni Foibe husema, "Baba amesikia," na mtoto mwingine huitwa. Hakuna mzazi aliye makini namna hiyo. Hajawahi kukosa Jumapili hata moja.

Kiti chenyewe cha mninga alikichonga jirani yangu Zebedayo.

*

Zebedayo na mkewe Perusi ni washarika wenzangu. Mabenchi yote ya kanisani kwetu ni kazi ya mkono wa Zebedayo, na vitambaa vyote vya madhabahuni ni kazi ya mkono wa Perusi. Mungu aliwapa kila kitu, akasahau mtoto. Nasema akasahau, Mchungaji anisamehe.

Nyumba yao ilikuwa kimya mpaka ukikohoa unajishtukia. Zebedayo alichonga meza ya watu wanane siku zile walipooana, na wawili hao wakaizeekea, mmoja kichwani mwa meza, mwingine pembeni yake, viti sita vikiwatazama. Perusi hakuwahi kujifunza kupika kidogo. Kila jioni sufuria lilijaa, na kila jioni aliniletea bakuli uani kwangu akisema, "Mzee Hosea, kimebaki." Mimi nami nimebaki peke yangu tangu marehemu Rahabu aliponitoka, kwa hiyo kilichobaki kilimfuata aliyebaki. Tulielewana.

Mwaka mmoja kanisa lilipeleka sabuni na unga kwenye Nyumba ya Watoto. Tulifika Jumapili, picha ikiwa tayari kitini. Aliyekuwa mbele yake ni kitoto cha kike, mapengo matupu mbele, kinaitwa Uzinduzi. Msishangae jina. Watoto wa nyumba ile hupewa majina ya mafanikio ya serikali. Yupo mmoja anaitwa Lami, yupo mwingine Mkakati. Huyu aliokotwa siku ya uzinduzi wa daraja, na wenzake walimwita Zindu.

Zindu alikuwa ameshika jino lake kiganjani. "Baba," akaiambia picha, "jino limeng'oka. Linatupwa wapi?"

Picha ilitabasamu, kwa maana ndivyo ilivyopigwa.

"Linatupwa wapi, Baba?"

"Baba amesikia," akasema Matroni Foibe. "Mkakati, njoo."

Zindu alirudi nyuma, akapita mbele yetu, akasimama mbele ya Perusi. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nyie mnajibu?"

"Tunajibu nini, mama?"

"Mtu akiwauliza kitu."

Perusi aliiweka chini sabuni. "Tunajibu," akasema. "Jino linarushwa juu ya paa. Ukishalirusha unakimbia, wala usigeuke nyuma."

Zindu alimtazama kwa muda, jinsi mtu anavyomtazama aliyemrudishia kitu alichokwisha kukikatia tamaa. Kisha akakimbilia nje, na tukasikia kitu kidogo kikigonga bati.

Jioni hiyo Perusi hakuniletea bakuli. Alikuja yeye mwenyewe na mumewe, macho yamevimba, wakakaa kwenye kibaraza changu.

"Tunamtaka yule mtoto," akasema Zebedayo.

"Tumeomba juu ya jambo hili," akasema Perusi. "Sisi wenyewe ni watoto wa kuasiliwa, Mzee Hosea. Mungu alipotuchukua tuwe wanawe hakutuuliza tumetokea wapi. Sasa mimi nitakaa na viti sita vitupu mpaka nife, na mtoto yupo ng'ambo ya barabara anaongea na fremu?"

*

Wizara inayohusika inaitwa Wizara ya Ukoo wa Taifa. Mtu haingii pale bila kuandamana na Shahidi Asiye na Maoni, ambaye kazi yake ni kuona kila kitu na kutokifikiria. Wakanichagua mimi. Nimekuwa mzee wa kanisa miaka mingi na sijawahi kupinga hoja yoyote, hata zile zilizopingana zenyewe kwa zenyewe. Niliapishwa, nikavishwa kizibao cha kijivu, nikaambiwa nikianza kuhisi maoni yanakuja nimeze mate.

Tulipokelewa na Bwana Desideri Kiwale, Naibu Mkurugenzi wa Idara ya Kutokuwepo kwa Yatima. Ofisi yake ilikuwa kubwa, kwa sababu kutokuwepo kwa jambo kunahitaji nafasi.

"Mnataka kuasili!" akasema, akacheka kwa huruma. "Ndugu zangu wapendwa. Nani baba yako, Bwana Zebedayo?"

"Marehemu baba yangu alikuwa—"

"Nani baba yako?"

"Baba Mkuu wa Taifa," akasema Zebedayo.

"Na wa huyo mtoto?"

"Baba Mkuu wa Taifa."

"Sasa huyo ni dada yako, baba! Mmezaliwa na baba mmoja, halafu unataka umlee kama binti? Na mbele ya mkeo, ambaye naye ni dada yako?" Akatikisa kichwa. "Serikali imewavumilia mno wanandoa wa nchi hii."

Perusi alisema kwa upole, "Lakini wageni wanapewa, mheshimiwa. Mwaka jana walikuja watu wa mbali wakaondoka na watoto wawili."

"Wale ni wageni. Mgeni si mtoto wa Baba Mkuu, hivyo udugu haupo. Kuasili kwetu ni kwa kimataifa tu, mama. Utaratibu wake ni mzuri sana, unasifiwa hata huko nje." Akasimama, akafunga koti, kwa maana alihisi hotuba inamjia. "Taifa lolote lililostaarabika hutoa kwa mgeni kile linachomnyima mwenyeji! Huo ndio ukarimu! Kumpa mwenyeji si ukarimu, ni matumizi!"

Tulipiga makofi. Kuna taa inayowaka kukuambia upige.

Zebedayo alimtazama mkewe, mkewe akamtazama yeye. Nimewafahamu wale watu ujana wao wote na uzee wao wote, nikajua wanachokwenda kusema kabla hawajasema, nikameza mate.

"Basi tufanye wageni," akasema Zebedayo.

*

Kuwa mgeni si jambo la kukurupuka. Kuna kozi na kuna mtihani. Walifundishwa kushangaa bei ya ndizi. Walifundishwa kupiga picha mbuzi. Mtihani mkubwa ulikuwa wa salamu, kwa sababu mgeni wa kweli haamkii wala haitikii shikamoo, mgeni husema "Jambo!" kwa sauti kubwa, kisha hucheka peke yake. Perusi alishindwa mara ya kwanza. Msimamizi alikuwa mama mzee kuliko yeye, na mdomo wa Perusi ukagoma kabisa kumwambia mkubwa wake "Jambo." Alilia pale pale. Mara ya pili akasema, lakini alisema huku amepiga goti, wakampunguzia alama.

Wakapita. Bwana Kiwale aliwafutia uraia kwa mkono wake, akawapongeza, akawaambia karibuni sana katika nchi yetu.

Nyumba yao ikatangazwa kuwa makazi ya wageni. Kibao kikawekwa getini, na majirani tukakatazwa kupita uani bila kibali. Bakuli la jioni likakoma. Nilikuwa nasikia harufu ya maharage ya nazi kupitia michongoma, na yeye Perusi alikuwa ananiona nimekaa, na tulichoruhusiwa kufanya ni yeye kusema "Jambo!" na mimi kusema "Karibu nchini." Nilikuwa nakula mkate mkavu. Sina maoni kuhusu mkate.

Kanisani ndiko kulikouma zaidi. Mnajua desturi yetu: mgeni husimama, hutaja jina na anakotoka, na kwaya humwimbia wimbo wa kumkaribisha. Jumapili ya kwanza Mchungaji Sefania alishuka mimbarini uso umemshuka, afisa wa wizara akiwa amekaa mstari wa mbele, akasema, "Je, leo tuna wageni?"

Zebedayo akasimama kutoka kwenye benchi alilolichonga mwenyewe. "Bwana asifiwe," akasema.

"Amina," tukaitikia.

"Naitwa Zebedayo. Natoka..." Karatasi zake zilisema tu ni mgeni, hazikusema wa wapi. "Natoka nje," akasema.

Kwaya ikaimba. Perusi alikuwa sauti ya pili katika kwaya ile tangu akiwa msichana, na siku ile alisimama kuimbiwa wimbo aliotufundisha yeye. Pale inapoingia sauti ya pili pakabaki pengo. Tuliruka tukaendelea. Jumapili iliyofuata wakasimama tena, na iliyofuata tena, maana mgeni wa kudumu hukaribishwa kwa kudumu. Watoto wa shule ya Jumapili wakaanza kuwaita wazungu.

*

Sasa wakiwa wageni kamili, waliitwa kuhojiwa. Bwana Kiwale aliwasalimu kwa tabasamu pana, akawaita "marafiki zetu kutoka nje," na akamleta mkalimani, kwa sababu mgeni hahojiwi bila mkalimani.

"Kwa nini mnamtaka mtoto huyu?" akauliza Bwana Kiwale kwa Kiswahili.

"Kwa nini mnamtaka mtoto huyu?" akatafsiri mkalimani kwa Kiswahili, ila polepole.

"Kwa sababu alituuliza swali tukamjibu," akasema Perusi. "Tangu siku ile nikimpikia mtu namuwaza yeye. Nyumba yangu inaniuma, baba. Natamani nisikie mtu ananiita kutoka chumba kingine."

Mkalimani alimgeukia Naibu Mkurugenzi. "Anasema wamevutiwa na amani na utulivu uliopo nchini."

"Vizuri sana!" akasema Bwana Kiwale, akaandika.

"Sikusema hivyo," akasema Perusi.

"Anashukuru," akatafsiri mkalimani.

Mate yalinikauka kwa kumeza.

Baada ya hapo wakapigwa picha. Mpiga picha aliwaonya wasicheke wala kutabasamu, kwa sababu katika Nchi ya Heri anayetabasamu pichani ni Baba Mkuu peke yake. Zebedayo akakaza taya. Perusi, ambaye uso wake umezaliwa na kicheko, ilibidi afikirie msiba.

*

Jibu lilitoka msimu wa baridi. Tuliitwa sote watatu. Perusi alikuwa amevaa kitenge kipya na ameshika gauni dogo la manjano alilolishona mwenyewe, amelikunja ndani ya kanga. Njia nzima Zebedayo alikuwa akizungumza habari za kitanda. Alikichonga upande mmoja kina kizuizi, mtoto asianguke akigeuka.

"Ombi limekubaliwa!" akatangaza Bwana Kiwale. "Kuanzia leo mtoto Uzinduzi ana wazazi!"

Perusi akapiga kigelegele. Jamani, kigelegele kile! Makarani walitoka ofisini kuchungulia. Zebedayo alinishika mkono akanitikisa kama ananing'oa, machozi yanamtiririka, na mimi nikasahau kumeza.

"Tunaweza kwenda kumchukua sasa hivi?" akauliza Perusi.

"Kumchukua kumpeleka wapi?"

"Nyumbani."

Bwana Kiwale akaweka kalamu chini. "Mama, ninyi ni wageni. Nyumbani kwenu ni nje."

"Basi tutampeleka nje," akasema Zebedayo. "Tutahama. Tuko tayari."

"Nje ipi? Nchi gani itawapokea? Ugeni wenu niliutoa mimi hapa, ni wa jumla, hauna nchi ndani yake."

"Basi tukakae naye pale pale kwenye Nyumba ya Watoto," akasema Perusi, na sauti ilikuwa imeanza kupungua. "Hata kwenye veranda. Nitafagia. Nitapika."

"Mgeni haruhusiwi kuingia mle. Watoto wa Baba Mkuu ni suala la usalama." Aliwatazama kwa huruma ya kweli, na hilo ndilo lililonitisha. "Marafiki zangu, mbona mnahangaika? Mmeshapata! Picha zenu zimekuzwa, zimewekwa fremu. Jumapili hii zitaanza kumtembelea. Baba Mkuu mwenyewe anawatembelea kwa picha na hakuna mtoto aliyewahi kulalamika. Mnataka kuwa wazazi kuliko Baba Mkuu?"

Taa ikawaka. Hakuna aliyepiga makofi. Perusi alikuwa analikunjua lile gauni na kulikunja tena.

*

Sheria ilitaka kila ziara ishuhudiwe, kwa hiyo Jumapili ile ya kwanza niliingia na kizibao changu. Picha mbili zilikuwa juu ya kiti cha mninga, zimeegemezwa bega kwa bega. Zebedayo amekaza taya kama anayesubiri kupigwa. Perusi anawaza msiba.

Zindu aliletwa amepakwa mafuta, nywele zimesukwa. Jino lilikuwa limeota, kubwa, limepinda kidogo. Alipiga goti akaziamkia picha zote mbili. Akangoja. Akanigeukia mimi.

"Babu, mbona wamekasirika?"

Nimeapa. Nilitazama kizibao changu.

Akazigeukia picha. Aliongea kwa sauti ndogo sana, haikuwa ya kulalamika, ilikuwa ya mtu anayekumbushia ahadi.

"Mlisema mnajibu."

"Haya," akasema Matroni Foibe, "wazazi wame—"

Nikanyanyuka nikafungua dirisha. Naomba ieleweke kwamba kufungua dirisha si maoni. Nilisikia joto. Na ikiwa chini ya dirisha lile, ng'ambo ya ukuta wenye chupa, kuna watu wawili wanaokaa kwenye benchi barabarani tangu asubuhi, mimi sikuwaweka, na kulirudia swali la mtoto kwa sauti kubwa nako si maoni.

"Hatujakasirika, mwanangu!" ikaingia sauti ya Perusi, kali, imekwaruzika. "Tuliambiwa tusicheke!"

Zindu alizitazama picha, kisha akalitazama dirisha.

"Mama?" akasema.

"Abee!"

"Jino limeota."

"Limeota vipi?"

"Limepinda."

"La baba yako nalo limepinda!" akapiga kelele Perusi. "Zebedayo, mwambie!"

"Limepinda, mama," ikasikika sauti ya Zebedayo, nzito. "Kushoto. Hapa."

Wakaendelea hivyo, yule huku na wale kule, habari za meno, na maharage, na kitanda chenye kizuizi, mpaka king'ora kilipokuja kuzirudisha picha wizarani. Watoto wengine walikuwa wamesogea dirishani wote. Mkakati aliuliza kama na yeye anaweza kuuliza kitu. Kiti cha mninga kilibaki nyuma yetu, na Baba Mkuu, aliyekuwa ameegemezwa ukutani akisubiri zamu yake, alitabasamu peke yake.

Jumapili iliyofuata ilinyesha mvua ya kutwa, na baridi ile ya kuingia kwenye mifupa. Niliwaona wawili wale wakivuka barabara, wamejifunika turubai moja, Zebedayo amebeba benchi kichwani. Nilimwomba Matroni Foibe ruhusa ya kufungua madirisha yote ya ukumbi. Akaniuliza sababu, maana ni lazima aiandike.

Nikamwambia ni joto.

Matroni aliitazama mvua. Alivuta kanga yake akajifunika mabega. Kisha akachukua kalamu.

"Kweli, Mzee Hosea," akasema. "Joto limezidi."